Darubini Isizikwe Stoo

Mtu anayesimama Janga usiku usio na mbalamwezi, mbali kidogo na taa za Mlandizi na za barabara kuu ya Morogoro, huona mbingu ambayo mkazi wa Kariakoo amekwisha kuisahau. Hukiona Kilimia, ambacho wakulima wetu walikitazama ili kujua majira ya kulima. Huziona pia nyota ambazo manahodha wa mwambao walizitegemea katika safari zao. Kwa hiyo elimu ya nyota si jambo geni lililoletwa juzi kwa meli. Ni mali yetu ya zamani, na watoto wetu wana haki ya kuiendeleza kwa vyombo vya leo.

Lakini vyombo hivyo viko wapi? Katika shule moja ya mkoa huu wa Pwani, ambayo sina haja ya kuitaja, nilionyeshwa darubini nzuri ya msaada ikiwa stoo, imefunikwa gunia, kati ya madawati yaliyovunjika na makopo ya rangi. Kioo chake ni kizima. Miguu yake ni mizima. Kilichokufa ni bodi moja ya umeme, isiyozidi ukubwa wa kiganja, inayoongoza mota mbili za kuigeuza darubini. Mtu mmoja, kwa haraka ya kuwaonyesha wanafunzi sayari ya Zohali, aliunga waya za betri kinyume, chanya mahali pa hasi. Moshi ukatoka, na darubini ikaenda stoo.

Msomaji aweza kuuliza: kama kioo ni kizima, mota ni ya nini? Jibu ni kwamba Dunia haisimami. Ikipimwa kwa nyota, hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa hiyo nyota huonekana kusogea digrii 15 kila saa. Darubini inayokuza sana isipofuata mwendo huo, sayari hutoka katika kioo kabla mwanafunzi wa tatu katika foleni hajaitazama. Zipo darubini za kusukumwa kwa mkono, nazo ni njema. Lakini iliyoundwa kwenda kwa mota pekee, bodi yake ikifa, huwa sawa na gari lisilo na usukani.

Sasa tujiulize kama ugonjwa huo hauna dawa. Fundi redio yeyote makini ataanza na yaliyo rahisi. Atapima betri wakati mota zinafanya kazi, kwa sababu betri dhaifu huonyesha volti 12 ikiwa imepumzika na kuzirai mara tu inapopewa kazi. Atakagua plagi na waya, ambazo katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu na chumvi hushika kutu upesi. Kisha atatazama fyuzi, dayodi ya kinga na kidhibiti cha volti, kwani hivyo ndivyo aghalabu hutangulia kuungua umeme unapoingizwa kinyume. Akitaka kujua kama ubovu uko katika mota au katika bodi, na kama mota zote mbili ni za aina moja, atazima umeme na kubadilishana plagi zake. Ubovu ukihama pamoja na mota, mota ndiyo mbovu. Ukibaki pale pale, bodi ndiyo yenye kosa. Vipuri vingi vya kazi hii ni vidogo, na bei yake haikaribii hata kidogo bei ya darubini.

Tena, si kila kinachoitwa ubovu ni ubovu. Kibaha na Kisarawe ziko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta. Darubini iliyopangwa kwa ajili ya Ulaya itageuza mota yake upande usiofaa mpaka iambiwe kwamba sasa iko kusini. Na ikiwa ni ya aina ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya mbingu, mhimili huo kwetu hulala karibu sambamba na ardhi, jambo ambalo vitako vingi vilivyotengenezwa kwa nchi za kaskazini haviliwezi bila kurekebishwa. Mwalimu asiyeelezwa hayo atadhani chombo kimekufa, kumbe chombo kimepotea njia tu.

Hata hivyo tuwe wakweli. Kikiungua kile chipu chenye programu ya mtengenezaji, fundi hawezi kukinunua dukani. Hapo ni lazima kuagiza bodi nyingine, au kuiondoa yote na kuweka ya mfumo ulio wazi. Mfumo mmoja wa namna hiyo ni OnStep, ulioanzishwa na Mmarekani Howard Dutton. Michoro na programu zake hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kujiundia. Kijana aliyehitimu masomo ya elektroniki aweza kujifunza kazi hiyo.

Kwa nini basi darubini ile haijatengenezwa? Nilipouliza, sikuambiwa kwamba fedha hazipo. Niliambiwa kwamba darubini ni mali ya serikali, imeandikwa katika daftari, na atakayemruhusu fundi wa mtaani kuifungua atajibu siku ya ukaguzi. Kilichofungiwa stoo hakimletei mtu lawama. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Tumejenga desturi ambayo kukiacha chombo kife ni salama kuliko kujaribu kukiponya. Desturi hiyo yatugharimu zaidi ya waya zilizounganishwa kinyume.

Watakuwapo watakaosema kwamba darubini ni anasa wakati shule zina upungufu wa madawati. Nawaheshimu, lakini hoja yao haigusi penyewe. Darubini hiyo imekwisha kufika. Hatuulizwi kama tuinunue, bali kama tuitupe. Tena ujuzi wa kutengeneza bodi ya kuongoza mota hauishii kwenye nyota. Pampu ya maji ya nguvu za jua ina kifaa cha kuiongoza. Mashine nyingi za hospitali zina bodi za namna hiyo hiyo. Atakayejifunza kwa darubini leo, kesho atakinusuru kisima cha kijiji.

Hapana budi tuchukue hatua. Kwanza, anayetoa msaada wa chombo chenye bodi atakiwe kutoa pia mchoro wake, vipuri vinavyoungua mara kwa mara, na mafunzo kwa watu wawili wa hapo hapo. Pili, kila halmashauri iwe na orodha ya mafundi waliopimwa, na bodi ya shule iruhusiwe kuwakabidhi kazi kwa maandishi, ili mwalimu mkuu asibebe hofu peke yake. Tatu, vyuo vya VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi vipokee vyombo vibovu vya shule na kuvifanya masomo ya vitendo. Nne, kila chombo kiwe na daftari lake la matengenezo.

Mnamo tarehe 1 Septemba 2016, watu walikusanyika Rujewa, Mbeya, kutazama Jua likipatwa na kubaki mfano wa pete. Nani atasema kwamba Mtanzania hana hamu ya mbingu? Na hapa Kibaha tuna fundisho kubwa zaidi. Mradi wa elimu uliojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki tangu mwaka 1963 ulikabidhiwa kwa Watanzania mwaka 1970, nao ukaendelea kuishi kama Shirika la Elimu Kibaha. Uliendelea kwa sababu walikuwapo watu wa kuupokea na kuuendesha.

Msaada hukamilika siku aliyepokea anapoweza kuutengeneza mwenyewe. Basi gunia lile liondolewe, na fundi aitwe.