Usalama wa Dunia si Milki ya Serikali

Katika mabaraza yetu sisi wenye asili ya Afrika Mashariki tunaoishi Maryland, Virginia na jiji lenyewe la Washington, ipo dhana moja iliyokaa juu ya vichwa vyetu kama kilemba cha urithi, hata hakuna aonaye haja ya kuivua na kuitazama: ya kwamba sadaka ni ya kisima, ya yatima, ya maiti anayesafirishwa kwenda kuzikwa Tanga au Kisumu, walakini mintarafu ya mabomu ya nyuklia, maradhi ya maabarani na vita vya mataifa, hayo ni ya serikali, na mtu binafsi aisaidiaye jumuiya ya hisani inayoshughulika nayo ametupa fedha yake baharini. Dhana hii ina sura ya busara, na wenye kuisema ni watu wakarimu, wala sina ugomvi na visima vyao. Nasema tu kwamba ni batili, na ushahidi wa ubatili wake umo humu humu mjini tunamoishi.

Mwaka 2001 Ted Turner, tajiri wa televisheni, na Sam Nunn, aliyekuwa seneta wa Georgia, waliasisi hapa Washington jumuiya iitwayo Nuclear Threat Initiative. Haukupita muda ikakabiliwa na kadhia ya Vinča, chuo cha utafiti kilicho karibu na Belgrade, ambamo zilikuwamo takriban kilo 48 za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha kufaa bomu, chini ya ulinzi usiomridhisha mtu. Serikali ya Marekani ilitaka shehena ile iondoke. Urusi ilikuwa radhi kuipokea. Na Wayugoslavia walikuwa radhi kuitoa, ila kwa sharti moja, kwamba wasaidiwe pia kuondoa fueli kuukuu iliyokwisha tumika, ambayo ilikuwa ikiharibika katika mabwawa ya chuo. Hapo ndipo serikali yenye hazina kubwa kuliko zote duniani ilipokwama, kwa kuwa sheria yake yenyewe haikuruhusu fedha zilizotengwa kwa kuzuia kuenea kwa silaha zitumike kusafishia mazingira. Fedha zilikuwapo, nia ilikuwapo, na kalamu ya karani ikazuia vyote viwili. Jumuiya ile ikatoa dola milioni 5, na mwezi wa Agosti 2002 shehena ikapakiwa ndegeni, ikapelekwa Urusi. Asemaye kwamba kazi hii ni ya serikali peke yake, na atuambie nani angelilipa. Najua pia kwa nini habari hii haisimuliwi harusini: kisima hupigwa picha, watoto wakitabasamu kando yake, lakini bomu ambalo halikutengenezwa halina picha.

Wala sheria si kizuizi pekee, kwa maana aghalabu serikali ni mmoja wa wenye kesi. Mwaka 1986, serikali ya Reagan iliposhikilia kwamba mapatano ya kukomesha majaribio ya mabomu hayafai kuaminiwa kwa kuwa hayana njia ya yakini ya kuhakikiwa, jumuiya ya Natural Resources Defense Council ilipatana na Chuo cha Sayansi cha Kisovieti, ikapeleka wataalamu na mitambo ya kupimia mitetemeko ya ardhi hadi jirani na uwanja wa majaribio wa Semipalatinsk, na kazi iliyodhaniwa ni muhali ikafanywa na watu wasio na cheo wala bendera. Na wakazi wa siku nyingi wa hapa hawajasahau mwezi wa Oktoba 2001, barua zenye vimelea vya kimeta zilipopita katika posta ya Brentwood: wafanyakazi wawili wa posta hiyo walikufa, katika jumla ya watu watano waliouawa nchini, na jengo likafungwa kwa zaidi ya miaka miwili. FBI ilipofunga jalada mwaka 2010 ilitoa kauli kwamba mhalifu alikuwa mwanasayansi wa maabara ya jeshi ya Fort Detrick, huko Frederick, ambako wengi wetu twapita tukienda matembezini. Mtu huyo alikufa kabla ya kushtakiwa, na wapo wajuzi ambao kauli hiyo haijawaridhisha. Hata hivyo kauli ya serikali yenyewe yatosha kwa hoja yangu. Mganga hajigangi, na maabara ya serikali yahitaji jicho lisilolipwa mshahara na serikali.

Watasema: haya ni ya wakubwa, sisi yatuhusu nini? Swali hili hunichosha kuliko yote, kwa sababu urani ya bomu la Hiroshima kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na watu ambao wajukuu wao husema Kiswahili hiki tukisemacho. Kwa sababu katika kinu cha nyuklia cha Kinshasa, cha kwanza barani Afrika, viliibwa vijiti viwili vya fueli, na kimoja kikaja kunaswa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Na kwa sababu Mkataba wa Pelindaba, uifanyao Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia, uliotiwa sahihi mwaka 1996, ulikaa ukingoja hadi Julai 2009, Burundi, nchi ambayo hakuna mkubwa aiulizaye shauri, ilipokuwa ya 28 kuuridhia na kuupa nguvu ya sheria.

Sitaki nidhaniwe kuwa wakili wa kila jumuiya yenye ofisi mjini hapa. Zipo zipokeazo fedha za watengenezaji silaha huku zikijiita huru. Na hata zilizo njema hukosea, kwani faharasa ya usalama wa afya ambayo Nuclear Threat Initiative ilishiriki kuitoa mwaka 2019 iliiweka Marekani ya kwanza duniani, na mwaka uliofuata korona ikaonyesha thamani ya nafasi hiyo. Lakini kasoro iliyo kubwa ni kwamba jumuiya hizi huishi kwa mifuko michache mno. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba wakfu wa MacArthur wa Chicago, uliokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa kabisa wa kazi ya kupunguza hatari za nyuklia, umeamua kujitoa. Mkono wa serikali nao si imara zaidi: Machi 2025 jengo la Taasisi ya Amani ya Marekani, iliyoundwa kwa sheria ya Kongresi mwaka 1984, liliingiwa kwa msaada wa polisi, na karibu watumishi wake wote wakaachishwa kazi. Fedha iliyo ngumu kuondoka kwa siku moja ni ile iliyotoka kwa watu wengi, kidogo kidogo, kwa kuwa watu elfu kumi hawabadili nia katika kikao kimoja.

Na aogopaye kuliwa fedha yake asiifanye hofu hiyo kuwa hoja. Sheria ya Marekani yailazimisha jumuiya ya namna hii kumwonyesha ye yote aulizaye fomu nambari 990, ambamo yameandikwa mapato yake, matumizi yake na mishahara ya wakuu wake. Nasi ambao hatumpi usingizi mweka hazina wa chama cha kuzikana mpaka atusomee hesabu hadi senti ya mwisho, tunao ujuzi wote utakiwao wa kuisoma.