Mali Ikishauzwa Hairudishwi

Ukinunua balbu Kariakoo, muuzaji hakukabidhi mpaka aichomeke kwenye soketi iliyofungwa pale kaunta, iwake, nawe uione. Ndipo anapokuandikia risiti, na chini ya risiti pamechapwa maneno tunayoyajua sote: mali ikishauzwa hairudishwi. Ni maneno makali, lakini yana haki ndani yake. Umeona, umejaribu, umekubali.

Maduka ya gemu ya mtandaoni yameyachukua maneno hayo, yakaiacha soketi.

Mwaka jana nilinunua gemu kwa takribani shilingi 70,000. Kwa mwanafunzi hiyo si hela ya mchezo. Nililipakua kwa siku tatu, bando la usiku juu ya bando la usiku. Lilipofunguka, likaganda kwenye skrini ya kwanza. Nikaomba kurudishiwa hela yangu. Jibu lilikuja upesi, tena kwa adabu: kwa kuwa nimeshalipakua, sina tena haki ya kurudishiwa. Ningejuaje kwamba haliwaki bila kulipakua?

Jina la duka silitaji, maana sharti hilo si la duka moja. PlayStation Store inakupa siku 14 za kubadili mawazo, lakini ukianza tu kupakua, siku hizo zimekwisha, isipokuwa gemu liwe bovu. Na nani anayeamua kwamba ni bovu? Muuzaji. Hata sheria ya Umoja wa Ulaya, inayosifiwa kwa kumlinda mteja, inaruhusu haki ya siku 14 ikome pale mnunuzi anapokubali upakuaji uanze.

Wanaoyatetea maduka wana hoja moja nzito. Mwaka 2021, mtengenezaji wa gemu fupi la kutisha, Summer of '58, alitangaza kwamba anaacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana. Steam hurejesha hela ukiomba ndani ya siku 14, ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Gemu lake lilimalizika ndani ya saa hizo, na watu walilicheza hadi mwisho, wakalisifu, kisha wakadai hela yao. Huo ni wizi, na aliyeumia ni mtu mdogo.

Lakini tatizo hilo linatibika: muda wa kujaribu ulingane na urefu wa gemu. Anayefunga duka zima kwa sababu ya wateja wachache walaghai anatuadhibu sote, kisha anatuomba tumwamini.

Tusidanganyike pia kwamba haiwezekani. Mamlaka ya ushindani ya Australia iliishtaki Valve, wamiliki wa Steam, mwaka 2014; utaratibu wa saa mbili ukatangazwa Juni 2015, na mwaka 2016 mahakama ikaitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 3 za Australia. Desemba 2020, Cyberpunk 2077 lilipotoka likiwa na kasoro tele, Sony ililiondoa dukani ndani ya siku chache na kuwarudishia hela waliolinunua, wakiwemo waliokwisha kulipakua. Kumbe mlango unafunguka. Unafunguka kwa hakimu, au kwa kelele za dunia nzima. Mimi nilikuwa peke yangu na barua pepe moja.

Tena tunaitwa wezi. Mtaani kwetu yupo kijana anayeuza gemu za kunakili kwa bei ya chipsi kavu. Analowekea gemu kwenye fleshi yako, na ukirudi kesho ukamwambia haliwaki, habishi, anakuwekea jingine. Kazi yake si halali, nami simtetei. Lakini anajua kwamba kesho nitapita tena mbele ya kibanda chake, na hilo linamfanya awe na aibu ambayo duka la mtandaoni halina.

Nilitaka kuwa mteja halali. Nililipa kodi, nikalipa makato ya simu, nikalipa bando. Sidai zawadi. Nadai kile ambacho muuza balbu hunipa bila kuombwa: niione ikiwaka kabla hujaniambia hairudishwi.