Dawa Zinaposhindwa Wodini: Lawama ni ya Nani?



Kila yanapozungumzwa magonjwa yasiyosikia dawa, lawama humwangukia mtu yule yule: mwananchi aliyenunua vidonge vinne vya amoksilini badala ya dozi kamili, akameza hadi homa ikapoa. Ni kweli tendo hilo lina madhara. Dozi pungufu huua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye nguvu, nao huzaana. Lakini sisi twaona hukumu hiyo imetolewa kabla mashahidi wote hawajasikilizwa.

Shahidi wa kwanza ni Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kuanzia Agosti 2001 hadi Agosti 2002 watafiti waliwafuatilia hapo watoto wa hadi miaka saba waliolazwa na dalili za maambukizi makali. Miongoni mwa waliokutwa damuni na bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja dawa kali za sindano, walifariki 71 katika kila 100. Kwa bakteria wa jamii hiyo wasio na kimeng'enya hicho, walifariki 39. Kichanga hajanunua kidonge dukani. Bakteria sugu humfikia kwa mikono isiyonawiwa, kwa mirija ya dripu, kwa kitanda alicholala mwenzake jana.

Na mikono hunawiwa kwa maji. Wakazi wa Same wanaijua historia hiyo. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaovuta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya ujenzi kusuasua kwa takriban miaka kumi. Twaushukuru, ila maji kufika mjini si sawa na maji kutoka bombani usiku katika wodi ya wazazi. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi na ndoo moja hawezi kuhubiriwa usafi.

Shahidi wa pili ni maabara. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali 10 za mikoa ya Kilimanjaro na Tanga: kati ya wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali, wasiofika nusu ndio waliokuwa na vimelea vya malaria. Tangu hapo vipimo vya haraka vya malaria vimeenea, jambo jema. Hata hivyo, kipimo kikisema si malaria, tabibu asiye na mahali pa kuotesha vijidudu hubaki akikisia, na mara nyingi hukisia dawa kali kuliko inavyohitajika, kwa kuogopa kumpoteza mgonjwa. Nani amlaumu?

Maabara yenye uwezo huo ipo KCMC, Moshi, kilomita mia moja hivi kutoka Same. Mama wa Chome au Mamba huteremka mlima kwanza, kisha hutafuta nauli ya basi, akiacha shamba la tangawizi bila mtu. Kwa nini isisafirishwe sampuli, mgonjwa akabaki karibu na nyumbani?

Taifa lina mpango wa kupambana na usugu huu, wa kwanza ukiwa wa 2017 hadi 2022, na wa pili wa 2023 hadi 2028. Mwananchi ataujua kwa kuuona kituoni pake. Basi wajumbe wa kamati za vituo vya afya, katika kikao kijacho, waombe kuandikiwa katika muhtasari: mwezi uliopita wodi zilikosa maji siku ngapi, na sampuli ngapi zilipelekwa Moshi?