Mitambo Tutanunua, Mafundi Je?



Naomba nafasi katika gazeti letu nirudie mdahalo wetu wa muhula uliopita. Hoja ilikuwa kwamba yafaa Rwanda ijenge chuo chake cha utafiti wa nanoteknolojia. Sisi tuliounga mkono tulishinda kwa kura nyingi, nami nilipiga makofi kama wenzangu. Lakini usiku ule bwenini nilikumbuka kwamba wasemaji wote, nami nikiwa mmojawapo, tulisema juu ya majengo na mitambo tu. Hapana aliyeuliza ni nani watakaofanya kazi humo, na watalelewa namna gani.

Kwa wale ambao hawakuhudhuria: nanomita ni mita moja iliyogawanywa mafungu bilioni moja. Unywele wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 hivi. Vitu vikiwa vidogo kiasi hicho hugeuka tabia. Hata dhahabu, ikisagika namna hiyo ndani ya maji, huonekana nyekundu. Wala faida yake si ndoto. Huko Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na vitu vya nano, ambalo laweza kupangwa kufuata uchafu wa maji ya mahali penyewe. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya uhandisi ya Afrika na Chuo cha Kifalme cha Wahandisi cha Uingereza. Katika taasisi hiyo hiyo amefanya kazi Profesa Hulda Swai, aliyechunguza namna ya kufunga dawa za kifua kikuu ndani ya chembe ndogo mno, ili mgonjwa asilazimike kumeza vidonge kila siku.

Sasa tazameni njia waliyopita. Hilonga alisoma Korea ya Kusini. Swai alifanya utafiti wake Afrika Kusini. Wote wawili ni Watanzania, na wote wawili walirudi. Mwenzetu mmoja alisema katika mdahalo kwamba aendaye ng'ambo kusoma ni msaliti, na serikali isimlipie. Alishangiliwa sana. Mimi siafiki hata kidogo, maana sioni kosa lake liko wapi ikiwa nyumbani hapana wa kuzungumza naye kazi yake.

Jambo hilo lilimpata Abdus Salam wa Pakistani. Alirudi Lahore mwaka 1951 kufundisha fizikia, akakaa peke yake bila mwenzi wa elimu ile, na mwaka 1954 akaondoka kwenda Cambridge. Yeye hakutaka wengine walazimike kuchagua baina ya nchi na elimu. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia mjini Trieste, Italia, ambako mwalimu wa nchi maskini aweza kwenda kwa muda, akanoa akili, kisha akarudi kazini kwake, na baadaye akaenda tena. Kigali tunalo tawi la fikira hiyo: Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kimsingi, iliyoanzishwa mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha Rwanda kwa kushirikiana na Trieste. Chuo cha nano kikija, na kiandike safari za namna hiyo ndani ya dhamira yake, na fedha zake zitengwe kabla ya rangi ya ukuta.

Lakini walimu peke yao hawatoshi. Ndugu mmoja aliyesoma hapa zamani alinisimulia habari za chuo fulani, nje ya nchi yetu, ambako alikuta mtambo wa thamani kubwa umefunikwa shuka. Ulikuwa ukingoja fundi kutoka ng'ambo, na ulikuwa umengoja zaidi ya mwaka. Darubini ya elektroni hufanya kazi ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Pampu ikifa, darubini nzima ni pambo. Anayejua kufufua pampu ile ni mtafiti pia, nasema mimi, na yafaa apate mafunzo, cheo na mshahara wa kumzuia asihamie kwenye kiwanda cha bia. Sijasikia chuo kinachojisifu kwa mafundi wake. Husifu maprofesa, kisha mitambo, kisha bustani.

Na sisi wa Niboye hatuna udhuru. Jirani yetu ni chuo cha ufundi cha Kicukiro, kilichoitwa ETO zamani, na sasa ni sehemu ya Rwanda Polytechnic. Wamo vijana wanaojifunza umeme na mashine, lakini hatujawaalika hata siku moja. Wanafunzi wa zamani mlioko huko, nawaomba mje. Klabu ya Sayansi hukutana kila Jumatano saa kumi alasiri. Pampu moja mbovu tunayo tayari.