Baiskeli mpya si pambo la Instagram

Hongera, msee. Umeweka akiba, umenunua baiskeli ya safari ndefu, gia kibao, keria nyuma. Sasa usiiegemeze ukutani.

Lakini pia usifanye kama mimi. Siku ya kwanza nilitoka Kericho kuelekea Litein saa nane mchana, bila koti. Huku juu, zaidi ya mita 2,000, mvua hupenda alasiri. Nilirudi nimelowa chapa, naisukuma baiskeli mlimani, na akina mama waliotoka kuchuna chai wakanipita kwa miguu wakicheka.

Kwa hivyo toka asubuhi. Anza na barabara za vumbi za vijijini. Zile za ndani ya mashamba makubwa ni mali ya watu, omba ruhusa kwa askari wa geti. Miguu ikizoea, jaribu Sotik hadi Bomet.

Barabara kuu ngoja kwanza. Juni 30, 2023, pale Londiani Junction, lori liligonga magari na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya 50 walikufa. Kama aliyesimama pembeni hayuko salama, je, wewe wa magurudumu mawili?

Ndiyo maana tukidai lami, tudai pia njia ya baiskeli. Hiyo si anasa ya vijana wa mjini: baiskeli ilibeba maziwa na watoto wa shule huku kabla yetu.

Kwa sasa vaa helmeti, washa taa. Na ukipitwa na mama mwenye kikapu, mwambie "chamgei" na ucheke naye.