Duka Dogo, Ushuru Mkubwa

Kama unapita Kangemi kila asubuhi kama mimi, umeyaona maduka madogo yanayouza mkate, maziwa na unga. Naomba tupige hesabu ya mojawapo.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha ushuru wa mauzo kutoka asilimia 1 hadi 3, kuanzia kwa mtu anayeuza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka. Milioni! Ukisikia hivyo unadhani ni tajiri. Haya, gawanya kwa siku 365. Ni kama shilingi 2,740 kwa siku, na duka la unga hufika hapo kabla ya magharibi.

Tuseme basi mwenye duka anauza 3,000 kila siku na kubakiwa na shilingi 5 katika kila 100. Faida yake kwa mwaka ni 54,750. Ushuru ni 32,850, kwa sababu unatozwa kwenye mauzo wala si kwenye faida. Na bado hajalipa kodi ya nyumba wala leseni ya kaunti. Hata akipata hasara, analipa tu!

Kweli, anaweza kuomba atozwe kwa faida, lakini hapo ni lazima atunze vitabu vya hesabu, na mhasibu naye anataka chake.

Kinyozi wa jirani hanunui unga wa kuuza. Pesa nyingi ni zake. Mbona hawa wawili watozwe sawasawa? Mimi naona kiwango kirudi 1, na duka lisiguswe kabla ya kuuza milioni 3.