Homa Haifi kwa Jasho

Liko neno moja nililolitumia miaka yote niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na ambalo leo nalichukia. Neno lenyewe ni "Jikaze." Nililisema kwa wavivu, na hapo halikuwa na kosa. Lakini nililisema pia kwa wagonjwa.

Kila Jumamosi alfajiri vijana hupita mbele ya nyumba yangu hapa Korogwe wakiwa juu ya baiskeli. Wanafanya mazoezi ya mbio ndefu: kilomita 65 hadi Handeni, na 65 kurudi. Barabara siku hizi ni lami. Sisi tuliipita ikiwa vumbi, na Phoenix zetu zilikuwa nzito kama ng'ombe. Nawapenda vijana hawa. Kinachonikera ni yale wanayofundishana. Juzi mmoja wao alisimama mlangoni kwangu kuomba maji, akasema tangu jana kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma na anasikia baridi. Mkubwa wao akamjibu hapo hapo, "Kanyaga tu, malaria hufa kwa jasho." Wenzake wakacheka.

Haifi! Vijidudu vya malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu, wala havitoki na jasho. Mwenye homa moyo wake unakwenda mbio hata kabla hajapanda kilima, maji yamekwisha kumpungua mwilini, na sasa unamwongezea joto la mazoezi juu ya joto la ugonjwa. Hayo si mazoezi, ni kuchochea moto.

Wala usidhani ubingwa ni kinga. Desemba 1959 Fausto Coppi wa Italia, aliyeshinda Tour de France mara mbili, alikwenda Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso, kushindana na kuwinda. Aliporudi kwao akashikwa na homa. Madaktari wake hawakuitambua malaria, naye akafariki tarehe 2 Januari 1960 akiwa na miaka 40. Mwenzake wa safari, Raphaël Géminiani, aliugua vilevile. Yake ilitambuliwa, akapewa kwinini, akaishi hadi 2024 alipofariki akiwa na miaka 99. Malaria ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa kipimo.

Nami nina kisa changu, na sikisimulii kwa fahari. Katika miaka ya themanini wanachuo wetu walikuwa katika mazoezi ya kufundisha vijijini Handeni, na baadhi yao walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya baiskeli. Mmoja alinijia asubuhi akasema, "Shikamoo Mkuu. Naomba leo nisiende, mwili wote umevunjika." Nikamtazama. Macho yalikuwa mekundu, nami nikadhani amekesha ngomani. Nikamwambia mwalimu anayeogopa jua atafundisha wapi? Jikaze. Akajikaza. Alianguka njiani, akaokotwa na lori la mkaa, na alipofikishwa hospitali hakumtambua hata mwenzake aliyemshika mkono. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Alipona, ila masikio yalimvuma wiki nyingi kwa ajili ya kwinini, na baiskeli hakuipanda tena. Mimi sikuulizwa na mtu yeyote. Katika nchi yetu mkuu haulizwi.

Watu watasema, "Wazee wetu walikwenda Tanga na magunia kwenye keria, na hawakupimwa." Kweli, wengi walifika. Wasiofika hawapo kutusimulia.

Lakini siwasifu wala wale wa upande wa pili, wanaosema "ni malaria tu" kisha wakanunua mseto dukani bila kupima. Uchovu una baba wengi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na Mkenya David Kinjah, aligunduliwa mwaka 2010 kuwa na kichocho, baada ya muda mrefu wa kufanya vizuri leo na kuishiwa nguvu kesho. Alitibiwa, na mwaka 2013 akashinda Tour de France. Sasa fikiri: ni vijana wangapi wa huku kwetu, walioogelea mtoni na mabwawani tangu utotoni, wanaitwa wavivu ilhali kichocho kinawanyonya damu? Wengine huona damu kwenye mkojo wakanyamaza kwa aibu.

Basi, ukiwa na homa usipande baiskeli kabisa, na siku hiyo hiyo ukapimwe. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika ishirini tu. Kifua kikikubana, ukizimia, ukikosa pumzi hata baada ya kusimama, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, usingoje kesho. Mwenzako akianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka juani, mwekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na gari litafutwe. Msisubiri eti jasho likauke, maana joto huua hata mtu anayetoka jasho. Na uchovu usiokwisha baada ya wiki mbili za kupumzika ni wa kupelekwa kwa daktari, si wa kupigiwa kelele. Mimi huhesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla sijatoka kitandani. Yakizidi ya kawaida yangu kwa kumi, baiskeli inabaki ukutani. Mke wangu hunicheka, lakini saa ananipa.

Kiongozi wa kundi la mazoezi asiyejua haya asipewe kundi. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno, kwa kuwa nilipewa kundi nami sikuyajua.

Yule kijana wa Jumamosi nilimzuia. Alinibishia kwa adabu, "Babu, siumwi sana," lakini nilishika usukani wake mpaka wenzake wakatokomea, kisha tukaenda zahanati polepole, mimi nikikokota baiskeli yake. Alikuwa na malaria. Alimaliza dawa zake za siku tatu, akapumzika, na sasa amerudi barabarani. Mkubwa wao hajanisalimia tangu siku ile.